Jinsi nilivyoacha kulala wikiendi nzima hapa Dubai

Mwaka wangu wa kwanza huku wikiendi ilikuwa ni kulala tu. Nafanya usafi wa vyumba hotelini Deira, nakaa bedispesi Naif, yaani napanga kitanda tu, chumba kimoja tupo sita, na ofu yangu ilikuwa Jumanne. Sasa Jumanne utatoka na nani? Wenzako wote wako kazini, unabaki kitanda cha juu umevuta pazia unaangalia stetasi za watu wako harusini Dar, afu jioni unampigia mama unalia na yeye anadhani umefukuzwa kazi.

Nilifika Novemba 2021, wikiendi ya huku bado ni Ijumaa na Jumamosi. Januari 2022 wakahamisha ikawa Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ofisi za serikali zinafunga saa sita mchana. Sisi wa hoteli haikutuhusu maana wikiendi ndo wageni wanajaa, ila mi ndo nikapata akili hapo. Kuna dada Mfilipino tuko naye floo moja, shida yake kubwa ni Jumapili aende kanisani. Nikamvuta tukaenda wote kwa supavaiza, mimi anipe Jumamosi, yeye Jumapili, halafu kila mmoja anabeba vyumba vya chekauti vya mwenzake. Supavaiza akakuna kichwa weee, mwisho akasema sawa lakini mara mbili kwa mwezi tu. Mara mbili zinatosha.

Watu nao nilikuwa nao tayari. Tuko saba, Wabongo wanne, Wakenya wawili na Mganda mmoja, tuliokotana hivi hivi, yaani dada wa Mombasa nilimsikia kwenye foleni ya kutuma hela anamgombeza mdogo wake kwa simu eti ada ya shule kanunulia viatu, nikacheka kwa sauti, akageuka, basi urafiki ukaanzia hapo.

Tulianza vibaya lakini. Jumamosi ya kwanza tukaenda Dubai Mall kuangalia yale maji yanayocheza, ni bure kweli, ila njaa ya mle ndani sio bure. Na kwenye metro kaka mmoja wa Tanga katufuata sisi wadada mpaka behewa la wanawake huku anatafuna bigijii. Faini mia kwa bigijii, mia kwa kukaa kwa wanawake, dirham 200 zimeenda hata stesheni ya pili hatujafika. Tulimchangia, lakini tulicheka kwanza.

Baada ya hapo tukaweka utaratibu, dirham 30 kila mtu, inalipwa Alhamisi usiku, hujalipa usije. Asubuhi wa Bur Dubai wanavuka Creek, ule mkono wa bahari, na abra, yaani boti ya mbao, dirham moja tu na upepo juu, tunakutana Waterfront Market kwenye samaki. Pale nguru wanamwita kanadi, unachagua, unamwonyesha kijana wa kusafisha vipande viwe vinene kiasi gani. Ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili nasaga usiku, ugali unapikwa alfajiri kabla jiko la bedispesi halijagombaniwa, unaingia kwenye hotipoti. Kisha Al Mamzar Park, kiingilio dirham 5 kwa kichwa, kuna sehemu za kuchomea na bahari ipo hapo hapo, mnakaa mpaka usiku hakuna anayewafukuza.

Siku moja tunachoma huku tunabishana kama chapati za Mombasa zinashinda za Tanga, akapita mzee wa Kiomani na kanzu yake, akasimama. "Hamjambo wanangu, nyie wa wapi?" Tuliruka! Shikamoo mzee, marahaba, kumbe kazaliwa Unguja, kaondoka na wazazi wake akiwa mtoto, anaishi Muscat na hapo kaja kumsalimia binti yake. Tukamkaribisha, akaonja, akatafuna polepoleee, akasema "nguru huyu mmemkausha." Tukanyamaza kama watoto. Akatufundisha tuwe tunampaka tui la nazi akiwa juu ya moto, na tulipokutana naye tena alikuja na mkate wa kumimina kutoka kwa binti yake, mi nilikula vipande vitatu na sioni aibu kusema.

Saivi joto limeingia, mchana inapita 40 huwezi kusogelea mkaa. Tumehamia fukwe za usiku kule Jumeirah zenye taa, tunaogelea saa nne saa tano usiku, chakula ni sambusa na karak, ile chai ya maziwa. Jiko la kuchomea tumelipumzisha mpaka Oktoba, limefungwa mifuko mitatu chini ya kitanda cha mwenzangu wa chini, kila siku ananiuliza hiki kinachonuka moshi ni nini. Nimemwambia ni viatu.