Andika Maradhi ya Nafsi, Usiandike Aibu Aliyoisitiri Mola

Ndugu zangu katika imani, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii nimeshughulishwa na swali la mama mmoja anayehudhuria darsa letu hapa Kisauni. Amezoea kuandika kila usiku, baada ya swala ya Isha, yale yaliyompitia mchana, na sasa ameingiwa na hofu: je, ajali ikimfika ghafla na watoto wakalifungua daftari lile, hatakuwa amejifichua mwenyewe baada ya Mola wake kumsitiri? Nami ninalo daftari la namna hiyo kabatini, kwa hivyo swali lake limenigusa kuliko alivyodhani.

Asili ya jambo hili la kujihesabu haina shaka. Sote tunaisoma aya ya Suratul Hashri inayomtaka kila mtu atazame alichokitanguliza kwa ajili ya kesho, na tunayajua maneno ya Sayyidna Umar ya kututaka tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Ila baba yetu Adam alisahau, sembuse sisi ambao ikifika Alhamisi hatukumbuki tulimkasirikia nani Jumatatu. Hesabu isiyoandikwa hufuata hali ya moyo: mtu akifurahi hujiona mwema, akihuzunika hujiona ameangamia.

Hata hivyo, hofu ya mama yule ni ya haki. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba umma wake wote utasamehewa isipokuwa wenye kudhihirisha maasi, na miongoni mwao ni mtu atendaye jambo usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha kukipambazuka akalitangaza kwa ulimi wake.

Jawabu nimelipata kwa mwanachuoni Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha Ihya, kwenye mlango wa tafakuri, anasema kila mwenye kuitafuta njia ya Mola awe na orodha aliyoandika ndani yake sifa zinazoangamiza, kama ubakhili, kibri, riya (kufanya wema ili watu waone), husuda na ukali wa hasira, pamoja na sifa zinazookoa, kama toba, subira na shukrani, kisha ajipime nazo kila siku. Akiepushwa na moja ya zile mbaya, huipiga mstari na kumshukuru Mwenyezi Mungu. Tazameni alichokiacha: hakutaka jina la mtu, wala mahali, wala kisa.

Basi, mama yangu, usiache kuandika. Andika "husuda", wala usimwandike jirani uliyemhusudu. Andika "hasira baada ya Alasiri", wala usiyanakili matusi yaliyokutoka. Wewe utaelewa, na Mola wako anajua, na atakayelifungua daftari siku moja atakuta mja aliyekuwa akipigana na nafsi yake. Andika pia dua zako na tarehe zake, maana wengi wetu tumejibiwa na tungali tunalalamika.

Ninaowashangaa ni wale wanaoliogopa daftari lakini wakaianika kwenye simu kila siku yao, waliyegombana naye na walichopikiwa, hata picha ya msahafu uliofunuliwa saa tisa za usiku ili tujue kwamba wameamka kuswali tahajudi. Daftari halimpongezi mtu, na pengine ndiyo sababu linatushinda.

Ukurasa usiofaa kufichwa ni mmoja tu, wa madeni na amana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ndiyo inayotuamrisha kuandika deni. Na Ibn Umar, mwana wa Sayyidna Umar, tangu amsikie Mtume akisema kwamba haimfai Muislamu mwenye cha kuusia kulala siku mbili bila ya wasia wake kuandikwa, haukumpitia usiku ila wasia wake uko naye. Kwetu jeneza linaposwaliwa husimama mmoja wa jamaa akauliza kama yupo anayemdai marehemu, na mara nyingi watoto ndio wa mwisho kujua. Ukurasa huo uwe mbali na mengine, wenye jina la anayekudai, kiasi na tarehe, na mumeo au mwanao ajue unapowekwa.