Nilichojifunza kuhusu bunduki ya marisawa

Jumamosi iliyopita nilikuwa Mufindi kwa baba mdogo, ambaye anamiliki kwa kibali bunduki ya marisawa ya kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, nikamwomba anieleweshe silaha hiyo ambayo tangu utotoni nimeiogopa bila kuifahamu. Kabla ya kusema lolote aliifungua, akachungulia mitutu yote miwili, kisha akanipa nami nichungulie hadi nione mwanga upande wa pili.

Mtutu wake ni laini ndani, tofauti na wa raifo uliochongwa mifereji ya kuizungusha risasi moja, na ndiyo maana hurusha chembe nyingi, yaani marisawa, zinazotawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Nilidhani namba kubwa ya geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, humaanisha mtutu mpana, kumbe ni kinyume: geji 12 ni upana wa tufe la madini ya risasi ambalo matufe 12 ya aina yake hufikia ratili moja (karibu nusu kilo), kwa hiyo geji 20 ni nyembamba zaidi.

Alikazia jambo moja, nami naliandika kwa uzito uleule. Risasi ya geji 20 ikiingizwa kimakosa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mtutuni, na ya geji 12 ikifyatuliwa nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka karibu kabisa na mkono wa mpigaji. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi ya njano.