Mfuniko wa Sufuria

Jumapili iliyopita tulikuwa kwenye bwawa la ile hoteli yetu hapa Dar, tunakokwenda kila tukipata mgeni. Kitinda mimba wangu akawa anatembea ukingoni akisoma namba zilizoandikwa kwenye vigae. "Moja nukta mbili," akasema. Akazunguka hadi upande wa pili. "Mbili kamili." Halafu akanigeukia: "Baba, na lile ziwa lenu limeandikwa ngapi?"

Nikamwambia 1,470. Akacheka mpaka boya likamponyoka, maana anajua baba yake ni mtu wa utani. Siku hiyo sikuwa natania. Ukiondoa Baikal kule Urusi, duniani hakuna ziwa lenye kina kuizidi Tanganyika. Lakini mimi kilichonikaa ni lile neno lake, "limeandikwa". Nilikula chipsi zangu mwili uko Dar, moyo uko Katonga, kando ya ziwa hilo kule Kigoma.

Maana kila kiangazi kuna mtu ananipigia: nipo Kigoma, nikaogelee wapi? Ujiji nenda kwa ajili ya historia, kaone pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na uone jinsi ziwa lilivyojivuta likapaacha mahali penyewe pakavu. Kibirizi ni kwa maboti na dagaa. Ukijitosa pale utatoka unanuka kuliko ulivyoingia. Jakobsen, haya, ni pazuri: mchanga safi, kiingilio unalipa, na tumbili wanaoijua mikate kuliko wewe. Popote penye majani na maji yaliyotulia, pita. Bibi alikuwa anasema kwenye matete kuna jini. Darasani wakaja kutuambia ni konokono, ndio wanaobeba kichocho. Kwa kweli jini la bibi lilituzuia vizuri zaidi.

Ila mahali ninapopapenda mimi sipataji. Ni miamba tu, upande wa Katonga, wanawake walikuwa wakioshea vyombo pale.

Nilikuwa na miaka tisa. Likizo ya Juni, nimeshushwa kutoka Mwanga, pale pale mjini Kigoma, kuja kukaa kwa mama mdogo, mtoto wa mfanyakazi wa reli, viatu miguuni, mdomo mrefu. Nilikuwa nimeshawaambia watoto wote wa pale kwamba naogelea. Hakuna aliyeniuliza nimejifunzia wapi. Mtoto wa Katonga haoni kama kuogelea ni kitu cha kujifunza. Ni kama kutembea.

Asubuhi ile nilimfuata binti wa mama mdogo, akiwa na beseni la vyombo kichwani. Yeye alikuwa na miaka minane. Upepo wa kusi ulikuwa haujaamka. Na kiangazi mito haileti tope, kwa hiyo maji yalikuwa kama hayapo. Unaona mwamba unashuka, halafu unaona mwamba ule ule unaendelea kushuka, na wale samaki wadogo wenye mistari wakidonoa ukoga kama kuku wanavyodonoa chenga. Mbali kidogo vipe, zile boti za mbao za wavuvi, vilikuwa vinarudi kutoka usiku wa dagaa, taa zimezimwa.

Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Mfuniko ukamteleza.

Haukuzama kama jiwe. Uliyumba kulia, ukayumba kushoto, ukawaka jua likiupiga, ukazimika, ukawaka tena, kama jani la mwembe siku isiyo na upepo. Halafu ukatua kwenye mchanga, mdomo juu. Niliuona vizuri kabisa. Niliona hadi lile tundu la msumari alipokuwa amefunga waya badala ya kishikio. Nikakadiria: maji ya kiunoni. Yakizidi sana, kifuani.

"Acha, nitautoa mimi," nikasema, kwa sauti ya mtu wa Mwanga. Nikavua viatu. Nikaingia kwa miguu, wima, kama mtu anayeshuka ngazi.

Mpaka leo mguu wangu wa kulia unaikumbuka ile ngazi. Ulishuka ukitafuta mchanga ukaukosa, ukaendelea kutafuta. Maji yakapita kiuno, yakapita kifua, yakapita kidevu, yakafunga juu ya kichwa bila kelele yoyote, na mguu bado unatafuta. Sikuogopa mara moja. Kwanza nilishangaa. Nilikuwa nimefungua macho na mfuniko ulikuwa bado pale pale chini, mbali vile vile, unang'aa, kama vile sijaanza safari. Maji yalikuwa na uvuguvugu, wala si baridi. Miale ya jua ilikuwa inacheza mwambani kama nyavu zinazokung'utwa. Nikawaza, nakumbuka kabisa nikiwaza: kumbe huku kuna utulivu. Kisha nikavuta pumzi, na kilichoingia hakikuwa hewa.

Hapo ndipo nilipomwona. Alikuja kichwa chini, gauni limejaa maji kama mwavuli, miguu inapiga. Nikanyoosha mkono. Akanipita.

Nasema akanipita. Alishuka mpaka chini, akauokota mfuniko, akageuka, na wakati anapanda ndipo akanidaka bukta kwa mkono wa pili akanivuta naye juu, mfuniko huku, mimi huku, kama mtu anayetoka sokoni na mizigo miwili.

Nilitapika maji juu ya mwamba kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama Ramadhani. Yeye akaendelea kuosha vyombo. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Ulisema unajua."

Tulipanda nyumbani kimya. Mama mdogo akaona nimelowa, akauliza kuna nini, na mdomo wangu ukajibu kabla sijautuma: mfuniko ulizama, nimeutoa. Nilisubiri kusutwa. Binti akainamisha beseni, akapanga vyombo kichanjani kimoja kimoja, mfuniko akauweka juu kabisa. Hakusema kitu. Mchana ule nikapewa mgebuka mzima, na ugali wa muhogo, na mawese juu, kama mwanamume aliyetoka kazini. Yeye alipewa mkia.

Yaliyofuata ni ya haraka. Siku kumi zile alinifundisha kuogelea pale penye mchanga, jioni, wengine wakiwa hawapo, nimelala tumbo juu ya dumu la lita 20 lililokuwa la mawese. Nilirudi Mwanga naogelea kweli, na mashati mawili yana madoa ya rangi ya chungwa ambayo mama hakuyamaliza kwa sabuni yoyote. Baba alipoyaona alicheka, akanipa hadithi ya meli ya Liemba: jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916, mashine wameipaka grisi nzito isile kutu, na jinsi Waingereza walivyoiinua mwaka 1924, ikatengenezwa ikatembea tena. "Kinachopakwa mafuta hakipotei ziwani," akasema. Yeye naye alikuwa ameshaambiwa habari za mfuniko. Alikuwa anazisimulia kule relini.

Nami nikaendelea kuzisimulia. Shuleni, jeshini, posani. Mke wangu anazijua. Kila nilipozisimulia kina kiliongezeka mita moja.

Basi Jumapili usiku, watoto wamelala, nikampigia yule binti wa mama mdogo. Ana wajukuu sasa, yuko Kigoma bado, anauza migebuka ya kukausha.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unaukumbuka ule mfuniko?"

"Mfuniko upi?"

Nikamweleza. Miamba, mchanga, waya wa kishikio. Nikafika pale pa kusema ukweli, nikameza mate, nikasema: nilitaka kukuuliza, siku ile ulishuka kufuata mfuniko au ulishuka kunifuata mimi?

Akanyamaza. Nilisikia kwa mbali honi ya boti upande wake.

"Kaka, mbona mfuniko uliutoa wewe?" akasema. "Mama alikuwa anatusimulia kila siku mpaka anafariki."

Nilisubiri acheke. Hakucheka. Akaniuliza hali ya shemeji, akaniuliza bei ya mchele Dar, akaniambia mwaka huu maji ni meupe sana, niwalete watoto waje waoge. Nikasema inshallah. Akakata simu, na mimi sijui kama amesahau, au ananipangia vyombo kichanjani kama siku ile.

Desemba tunakwenda, ingawa kule ni msimu wa mvua na maji yatakuwa na tope. Kitinda mimba ameshanunua chaki ya rangi. Anasema akifika atatafuta mwamba mzuri aandike namba.