Ni madokezo gani yanayoitaja boriti?

Kiungo nilichokiandika ndani ya dokezo nakiona papo hapo, katikati ya sentensi yake. Nisichokiona ni kile kinachotoka kwenye dokezo jingine na kuishia hapa, kwa kuwa dokezo lililotajwa halibaki na alama yoyote ya kutajwa. Kwa mtu aliyelimbikiza madokezo kwa miaka, viungo hivi vinavyoingia ndivyo vyenye faida kubwa zaidi, maana huonyesha dokezo limekuja kutumika kwa jambo gani, na mara nyingi jambo hilo silo lililosababisha liandikwe.

Madokezo yangu kuhusu historia ya pwani nayaweka katika Obsidian, programu ya kuandikia na kuunganisha madokezo, kama mafaili ya maandishi matupu. Lipo moja fupi liitwalo Boriti, lenye sentensi chache kuhusu miti ya mikoko inayobeba dari. Orodha ya viungo vinavyoliingia inaleta dokezo la nyumba za mawe za Lamu, ambazo vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Inaleta dokezo la delta ya Rufiji, ambako miti hiyo ilikatwa kwa wingi. Na inaleta dokezo la majahazi yaliyorejea Ghuba kwa upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti za kujengea, kwa watu wa nchi zenye uhaba wa miti. Yakisomwa pamoja, madokezo hayo yanasema jambo ambalo hakuna hata moja linalolisema peke yake, kwamba mti uleule uliupimia upana chumba cha Lamu na chumba cha nyumba ya zamani ya Kuwait.

Namna programu inavyoipata orodha hiyo si jambo la ajabu. Inayasoma mafaili yote, inaokota kila jina lililowekwa ndani ya mabano mraba mawili, kama [[Boriti]], kisha inatengeneza faharasa iliyogeuzwa: kwa kila jina, mafaili yanayolitaja. Asiye na programu ya aina hiyo anaweza kupata orodha ileile kwa amri moja ya zamani ya mfumo wa kompyuta wa Unix, iitwayo grep, akiwa ndani ya folda ya madokezo:

grep -rlF '[[Boriti' .

Herufi r inaiagiza amri iingie katika folda zote za ndani, l inaiagiza itoe majina ya mafaili tu, na F inaiagiza iyachukue mabano kama yalivyo. Mabano ya kufunga nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu kiungo kinaweza kuandikwa [[Boriti|miti ya dari]] au [[Boriti#Biashara]], na vyote viwili vinapaswa kuhesabiwa, ingawa dokezo jingine ambalo jina lake linaanza na Boriti nalo litaingia humo.

Tovuti zilinyimwa uwezo huu tangu mwanzo. Ted Nelson, katika Xanadu, mradi wake wa maandishi ya kompyuta yaliyounganishwa ulioanza mwaka 1960, alitaka viungo vinavyoonekana kutoka pande zote mbili. Wavuti aliyoipendekeza Tim Berners-Lee mwaka 1989 ilichagua viungo vya upande mmoja, na urahisi huo ni sehemu ya sababu iliyoifanya isambae. Wikipedia iliurudisha uwezo huo ndani ya mipaka yake, na katika toleo la Kiswahili kila ukurasa una kiungo cha kuonyesha kurasa nyingine zinazouelekea.

Ugumu halisi unaanza pale ambapo dokezo linataja jambo bila kuliwekea mabano. Obsidian hutafuta kutajwa kwa namna hiyo kwa kulinganisha jina la dokezo na maandishi. Katika Kiingereza, wingi kwa kawaida huongezwa mwishoni mwa neno. Kiswahili hubadilisha kichwa cha neno. Dokezo liitwalo Mkoko halitaoanishwa na sentensi inayosema mikoko, na hivyo ndivyo karibu kila sentensi inavyosema, kwani nani huandika kuhusu mkoko mmoja? Kutafuta mzizi pekee nako kuna adhabu yake: ukitafuta kuta ili upate ukuta, kuta na ukutani, utaletewa pia kutafuta, kukutana na nilikuta, hadi orodha ikose maana. Kwa hiyo naandika umbo la neno kwa ukamilifu zaidi:

grep -rliE '\bmi?koko(ni)?\b' .

Amri hii inakubali mkoko, mikoko, mkokoni na mikokoni, na kukataa mengine yote. Kwa maneno kama jino na meno, au wimbo na nyimbo, hakuna ujanja. Maumbo yote mawili huandikwa kamili. Kazi hii haina haja ya kurudiwa kila mara, kwa sababu juu ya dokezo kuna sehemu ya majina mbadala, iitwayo aliases, ambamo naorodhesha wingi, umbo la mahali na visawe, na tangu hapo programu yenyewe huvitambua.

Ile picha ambayo programu huichora, kila dokezo likiwa nukta na kila kiungo mstari, na ambayo wengi huionyesha kwa fahari, sijawahi kuiona ikinifundisha kitu. Mstari hausemi kwa nini madokezo mawili yameungana. Sentensi inayokizunguka kiungo ndiyo inayosema, na kwa sababu hiyo orodha inayoonyesha sentensi hizo ina thamani kuliko mchoro wowote.

Ni vyema pia kuacha mambo mengine bila kiungo. Kilwa inatajwa karibu kila mahali katika madokezo yangu, na kama kila kutajwa kungewekewa mabano, orodha ya Kilwa Kisiwani isingesomeka. Naweka kiungo pale tu ambapo sentensi ina la kumwambia mtu aliyeanzia Kilwa, kama vile safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331, jumba la Husuni Kubwa, au sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kutajwa kwingine kote kunabaki ndani ya maandishi, na grep itakuleta siku kutakapohitajika.