Msumari Uliong'olewa

Juzi binti yangu aliiacha pasi ya nywele ikapata moto kupita kiasi, na harufu ya nywele zilizoungua ikaenea nyumba nzima. Wengine walikimbilia madirisha. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu mawazo yalikuwa yameshanirudisha kwa Mzee, mhunzi aliyewapigilia farasi viatu, kwenye moshi wa chuma cha moto kinapogusishwa ukwato. Nywele, kucha na kwato zote ni keratini, na zikiungua hutoa harufu ileile.

Nakumbuka siku moja hasa: farasi wa siku ile alikuwa jike wa rangi ya hudhurungi, mpole, lakini kuta za kwato zake za mbele zilikuwa nyembamba. Mzee aliagiza kwanza atembezwe, akamtazama kwa mbele, kwa nyuma na kwa ubavuni, ndipo akafunga aproni yake ya ngozi. Ukuta wa ukwato hukua kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, ndiyo maana farasi mwenye viatu hurudishwa kwa mhunzi kila baada ya wiki 6 hadi 8. Lakini kilichokatwa kupita kiasi hakirudi kwa haraka hiyo, kwani ukwato wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kujijenga upya kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo alipunguza kidogo kidogo kwa koleo, akasawazisha kwa tupa, akainama kutazama, kisha akapiga tupa tena mahali ambapo mimi sikuona kasoro yoyote. Kiatu kilichomwa, kikagusishwa kwa sekunde chache, na alama za kahawia zikaonyesha palipogusa na pasipogusa. Farasi hakushtuka, kwa kuwa sehemu ile ya ukwato haina uhai wala hisia, jambo ambalo watazamaji wengi hukataa kuliamini wakiuona ule moshi.

Kazi yangu ilikuwa kushika kamba kichwani na kunyamaza. Mzee aliubana mguu katikati ya mapaja yake, akaweka misumari michache mdomoni, akautoa mmoja na kuupapasa kwa kidole gumba. Msumari wa kiatu cha farasi umechongwa ncha upande mmoja tu, na upande huo lazima uelekee ndani, ili unapopigwa ujipinde kwenda nje na kuchomoza kwenye ukuta, kiasi cha theluthi ya urefu wake kutoka chini. Msumari ukigeuzwa kinyume, utajipinda kwenda ndani. Mpaka ni ule mstari mweupe unaounganisha ukuta na wayo. Nje yake ni pembe ngumu isiyo na hisia, ndani yake ni nyama hai yenye damu, na kwa ukuta mwembamba kama wa yule jike, baina ya salama na jeraha palikuwa na milimita chache tu.

Msumari wa kwanza ulipigwa kwa mapigo mepesi, kisha kwa nguvu, na kila pigo lilitoa mlio mkavu uliozidi kupanda. Ncha ilichomoza, naye akainyonga papo hapo kwa makucha ya nyundo, maana farasi akiuvuta mguu kabla ncha haijavunjwa, paja la mhunzi litachanwa. Wa pili ukaenda hivyohivyo, na wa tatu pia. Wa nne ulikuwa umefika nusu Mzee alipoizuia nyundo hewani. Akapiga tena, polepole, kichwa kikiwa kimeinama upande. Jike alikuwa ametulia kabisa. Sikio moja tu liligeuka nyuma, na farasi hugeuza masikio kwa sababu nyingi. Mzee aliung'oa msumari, akaupangusa kwenye kiganja, akautazama kwenye mwanga. Ulikuwa mkavu, hauna hata chembe ya damu. Hata hivyo alidondosha iodini katika tundu lile, akaliacha wazi, akaendelea na la upande wa pili.

"Mzee, umeona nini?" aliuliza mwenye farasi.

"Sikuona. Nimesikia."

"Mimi nimesimama hapahapa, sijasikia tofauti yoyote."

"Hukuja hapa kusikiliza, mwanangu."

Mengine yalikwenda haraka: ncha zikakunjwa na kulazwa kwenye ukuta, tupa ikapita mara ya mwisho, jike akatembezwa. Hakuchechemea siku ile, wala wiki zilizofuata. Kwa mwenye farasi huo ulikuwa ushahidi kwamba msumari haukuwa na tatizo na kwamba mzee alikuwa akijionyesha. Kwa Mzee ulikuwa ushahidi kwamba aliung'oa kwa wakati. Wote wawili walimtaja farasi yuleyule, tena kwa uhakika uleule.

Nami, niliyekuwa karibu kuliko mwenye farasi, nimekuwa nikisimulia kwamba niliusikia mlio ukizama na kuwa mzito kabla nyundo haijasimama. Sina hakika. Inawezekana niliusikia baadaye, nilipoambiwa kwamba ulikuwepo.