Makiwa ya Mfalme Duncan

Leo ni siku ya nne tangu tulipotembelea ngome ya Glamis, huku Uskoti, na bado aibu hunishika kila ninaposimama jikoni kusubiri maji yachemke. Wiki hii mkataba wangu wa wodini umeongezwa kwa mwaka mmoja na Idi ameng'oka jino la kwanza, lakini kinachonirudia usiku ni maneno niliyoyatoa mwenyewe katika Ukumbi wa Duncan.

Ni chumba cha mawe, chenye dari ya kuba na mwanga hafifu. Mama aliyetutembeza alikuwa amekwisha kutueleza kwamba Binti Mfalme Margaret alizaliwa katika ngome hiyo mwaka 1930, kisha akapunguza sauti na kusema kuwa yasemwa hapo ndipo Macbeth alipomuua Mfalme Duncan. Nikamkatiza mbele ya wageni wote: Duncan aliuawa vitani karibu na Elgin mwaka 1040, wakati huo ngome hii ilikuwa haijajengwa, na hata Shakespeare katika tamthilia yake ya Macbeth alimuulia Inverness. "Ni kweli," akasema kwa upole, akaendelea.

Ndani ya basi la kurudi Dundee, Shangazi alisubiri hadi Idi aliposinzia.

"Ulikuwa ukimfundisha nani, mwanangu?"

"Nilisahihisha tu, Shangazi."

"Alisema yasemwa. Yasemwa hayasahihishwi."

Tena ni yeye aliyenipa, nikiwa kidato cha pili, ile tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia hiyo, *Makbeth* ya S. S. Mushi ya 1968. Kwa hiyo hilo la Inverness alilijua kabla yangu, na akanyamaza.

Jana, nikikunja nguo, ndipo nilipokumbuka alichokifanya baada ya mhadhara wangu. Aliweka kiganja juu ya jiwe la ukuta, akainama kidogo, akasema, "Makiwa." Yule mama akauliza maana yake, nikamfasiria, naye akafurahi kweli kweli, akasema kuwa pole hiyo haikupotea kwa sababu Malcolm wa Pili, babu mzaa mama wa Duncan, alifia Glamis mwaka 1034. Kumbe tarehe zote alikuwa nazo. Nilicheka peke yangu hadi Idi akaja kuchungulia mlangoni.

Shangazi anaondoka Ijumaa. Sanduku lake lina kilo 27, ruhusa yake ni 23, naye hataki kusikia habari ya kupunguza hata chupa moja ya jamu ya machungwa.