Riwaya za Mapenzi na Rafu ya Kuzunguka

Katika maktaba ya umma niliyoanzia kazi, riwaya za mapenzi zilipachikwa kwenye rafu ya kuzunguka karibu na mlango, bila namba na bila kuingizwa katika katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Msomaji alipoazima moja, tuliandika tu kwamba ameondoka na "kitabu cha mapenzi". Mazoea hayo yana historia yake. Kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin, iliyoanzishwa Kanada mwaka 1949, zilijulikana kwa riwaya nyembamba za bei nafuu zinazotolewa kila mwezi, na wakutubi wengi wakazichukulia kama majarida ya kusomwa na kutupwa.

Madhara yake niliyaona polepole. Aliyemaliza kitabu cha kwanza cha mfululizo hakuweza kuomba awekewe cha pili, kwa kuwa katika katalogi hata hicho cha kwanza hakikuwepo. Bajeti ya ununuzi ilipojadiliwa, hatukuwa na takwimu za kuonyesha kwamba vitabu hivyo ndivyo vilivyochakaa upesi kwa kusomwa. Tulizinyima riwaya hizo kumbukumbu, kisha tukasema hazina wasomaji. Ranganathan, mkutubi wa India, katika kanuni zake tano za ukutubi za mwaka 1931, alisema kila msomaji apate kitabu chake. Hakuongeza sharti kwamba kwanza kimpendeze mkutubi.

Kwa hiyo kabla ya kuzinadi riwaya hizi, ziingizwe kwenye katalogi, kila moja kwa jina lake, mwandishi wake na nafasi yake katika mfululizo. Maonyesho ya mwezi Februari, yenye mioyo ya karatasi nyekundu, yanaweza kusubiri.

Kazi inayobaki ni mazungumzo, na hapo ndipo nilipokosea vibaya. Msomaji mmoja aliniomba riwaya ya mapenzi, nami, nikitaka kumwinua kidogo (kiburi cha kazi yetu hicho), nikampa riwaya nzuri mno ambayo mpenzi anafariki katika sura ya mwisho. Aliirudisha baada ya siku tatu, akaiweka mezani na kusema, "Umenidanganya." Alikuwa na haki. Chama cha waandishi wa riwaya hizi cha Marekani, Romance Writers of America, kimezieleza kwa mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na kuacha matumaini. Kitabu nilichompa kilikuwa na la kwanza peke yake.

Tangu siku hiyo simwulizi mtu kama anapenda vitabu vya mapenzi, swali ambalo wengi hulijibu kwa kucheka na kukana. Namwuliza ni kitabu gani cha karibuni kilichomnyima usingizi, na kwa nini. Akisema alifurahishwa na wawili waliokuwa wakigombana tangu ukurasa wa kwanza, amenieleza mengi kuliko kama angetaja aina, kwa sababu ugomvi huo naweza kumtafutia katika riwaya ya kihistoria, ya kisasa, ya upelelezi au hata yenye majini. Jambo la faragha, yaani mwandishi anawafuata wapenzi hadi wapi nyuma ya mlango wa chumbani, nalo nimejifunza kulieleza kwa sauti ileile ninayoitumia kutaja idadi ya kurasa, maana wapo wanaolikwepa na wapo wanaolitafuta, na wote huona haya kuuliza. Kuhusu picha za majalada ya riwaya hizi, ninapoandika uazimaji sisemi neno, hata la utani.

Nyuma ya kila kitabu cha kwanza cha mfululizo sasa nabandika kikaratasi chenye jina la kinachofuata na mahali kilipo. Niliacha nafasi chini yake bila kusudi lolote. Vikaratasi kadhaa vimerudi vimejazwa kwa kalamu za watu tofauti majina ya riwaya ambazo mimi sikuzijua, na orodha yangu ya ununuzi ya mwezi huu imetoka huko.